Maelezo Juu ya Namba Tasa 2,147,483,647

Mwezi wa Mei mwaka 2017 kamati iliyoongozwa na Profesa Abdulkarim Mruma ilitoa taarifa yake juu ya makontena 277 ya makinikia yaliyokuwa yamezuiwa Dar es Salaam. Mchanga huo ulitoka katika migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, yote miwili katika Kahama, mkoa wa Shinyanga. Neno makinikia, ambalo kabla ya hapo lilijulikana na watu wachache wa kazi hiyo, liliingia midomoni mwa watu wote kwa muda wa siku chache, na kila mmoja akauliza kiasi cha dhahabu kilichomo ndani. Idadi yenyewe ya makontena haikumshughulisha mtu. Lakini 277 ni namba ya aina yake. Lau mtu angetaka kuyapanga makontena hayo katika safu zilizo sawa, asingefanikiwa kwa njia yo yote. Akiyapanga mawili mawili, hubaki moja. Matatu matatu, hubaki moja. Matano matano, hubaki mawili. Saba saba, hubaki manne. Kumi na moja kumi na moja, hubaki mawili. Kumi na matatu kumi na matatu, hubaki manne. Wala hana haja ya kuendelea na kumi na saba, maana kumi na saba mara kumi na saba ni 289, nayo imekwisha kuipita 277; kwa hiyo kama ingekuwapo safu ndefu inayofaa, ingekuwapo na fupi iliyokwisha kujaribiwa.

Namba ya namna hii katika shule za msingi za Tanzania huitwa namba tasa, yaani namba isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Moja yenyewe haihesabiwi miongoni mwao. Za mwanzo ni 2, 3, 5, 7, 11, 13, na hazina mwisho: Euclid alilithibitisha jambo hilo zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita.

Yafaa neno lenyewe litazamwe kidogo, kwa sababu linasema jambo lisemwalo kwa namna nyingine katika lugha nyingine. Wayunani waliziita namba hizi za kwanza. Walatini wakafuata, na Waarabu pia husema za kwanza. Kiswahili peke yake kati ya hizo kimechukua neno la uzazi. Tasa ni mwanamke au mnyama asiyezaa. Kisukuma kina ngumba, ambalo ni ndugu wa mgumba wa Kiswahili, na mtoto wa Shinyanga au Geita asikiapo namba tasa kwa mara ya kwanza huelewa mara moja kwamba ni namba isiyo na watoto. Hapo ndipo lilipo kosa. Katika kuzidisha, namba tasa huzaa kupita kiasi. Mbili na tatu huzaa sita. Mbili, mbili na tatu huzaa kumi na mbili. Na kila namba kubwa kuliko moja, kama si tasa yenyewe, imezaliwa na namba tasa, tena kwa njia moja tu isipokuwa mpangilio. Kisichokuwapo ni wazazi. Namba 15 ina wazazi wawili, 3 na 5. Namba 17 haina. Kwa mantiki hiyo jina la kufaa zaidi lingekuwa la yatima, au la mzee wa ukoo ambaye hapana ajuaye aliyemtangulia. Hata hivyo neno tasa limekwisha kukaa vitabuni na katika mitihani, na istilahi iliyokwisha kukaa haing’olewi kwa sababu ya mantiki tu. Shufwa na witiri nazo zilitoka katika lugha ya ibada, na leo hapana mwanafunzi anayekumbuka sala azitumiapo. Kinachotakiwa ni mwalimu aeleze kwamba utasa unaosemwa hapa ni wa kutogawanyika.

Sasa namba iliyotajwa juu ya maelezo haya. Njia nyepesi ya kuifikia ni bao. Bao la kete la pwani lina safu nne za mashimo manane manane, jumla mashimo 32. Usukumani mchezo wa jamii hiyo huitwa isolo. Msomaji na achukue bao la mashimo 32, na badala ya kete atumie dhahabu. Katika shimo la kwanza aweke miligramu moja, punje isiyoonekana vema kwa macho. Katika la pili miligramu mbili. La tatu nne. La nne nane. Na kila shimo lipate maradufu ya lile lililotangulia. Kwa muda mrefu hapana la kutisha. Shimo la kumi lina miligramu 512, kama nusu ya gramu. Shimo la ishirini na moja limekwisha kupita kilo moja kidogo. Kisha mambo hubadilika upesi, na shimo la thelathini na moja pekee linahitaji kilo 1,073 na zaidi. Dhahabu yote iliyomo katika mashimo hayo 31 ni miligramu 2,147,483,647, yaani zaidi ya tani mbili na kilo 147.

Yaonekana pia kwamba kila shimo lina miligramu moja zaidi ya jumla ya mashimo yote yaliyotangulia: shimo la nne lina nane, na matatu ya kwanza yana saba. Kwa hiyo shimo la 32, ambalo limebaki tupu, lingehitaji 2,147,483,648. Ndiyo maana wanahisabati huieleza namba hii kwa ufupi kuwa ni mbili kwa kipeo cha 31, kutoa moja. Namba za umbo hili hupewa jina la Marin Mersenne, mtawa wa Ufaransa, aliyetangaza mwaka 1644 orodha ya vipeo ambavyo kwa maoni yake vilitoa namba tasa. Orodha yake ilikuwa na makosa kadhaa, lakini 31 ilikuwamo, na kwa hiyo alikuwa sahihi.

Kwa nini 31, na si 30 au 32? Bao lenyewe latoa nusu ya jibu. Mtu atumiapo mashimo sita tu, atapata 1, 2, 4, 8, 16 na 32. Mashimo sita hugawanyika katika mafungu mawili ya mashimo matatu. Fungu la kwanza lina 1, 2 na 4, jumla 7. Fungu la pili lina 8, 16 na 32, jumla 56, ambayo ni 7 mara nane. Kwa hiyo jumla ya yote, 63, ni 7 mara tisa, na si tasa. Jambo hili hutokea daima: mashimo yakigawanyika mafungu sawa yenye zaidi ya shimo moja, na jumla hugawanyika pia. Ili jumla iwe tasa, sharti idadi ya mashimo iwe tasa. Lakini sharti hili halitoshi. Mashimo 11 hutoa 2,047, na 11 ni tasa, walakini 2,047 ni 23 mara 89. Mashimo 29 hutoa 536,870,911, nayo ni 233 mara 1,103 mara 2,089. Hivyo ujuzi kwamba 31 ni tasa huleta matumaini tu, si uthibitisho.

Uthibitisho uliletwa na Leonhard Euler mwaka 1772, wakati alipokuwa amekwisha kupofuka karibu kabisa. Kipeuo cha pili cha namba hii ni karibu 46,341, na kwa kanuni iliyotumika juu ya makontena, mtu angepaswa kujaribu kila namba tasa iliyo chini ya hapo. Hizo ni elfu kadhaa. Euler hakufanya hivyo. Alitambua kwanza kwamba kigawo cho chote kilicho tasa cha namba hii sharti, kikigawanywa kwa 62, kibakishe moja; hilo latokana na 31 yenyewe na ukweli kwamba kigawo hicho ni witiri. Akatambua tena kwamba kigawo hicho kikigawanywa kwa nane sharti kibakishe moja au saba. Masharti mawili hayo yakiunganishwa, vigawo viwezavyo kufikiriwa ni vya aina mbili tu: vile vinavyobakisha 1 vikigawanywa kwa 248, na vile vinavyobakisha 63. Chini ya 46,341, ikiondolewa 63 yenyewe ambayo si tasa, namba za aina hizo ni 372, na nyingi katika hizo pia si tasa. Kazi ya maisha ikawa kazi ya siku chache. Hakuna hata moja iliyogawanya, na kwa karibu miaka mia iliyofuata 2,147,483,647 ilikaa kuwa namba tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana na wanadamu.

Mchenjuaji wa dhahabu ataifahamu njia hii vema kuliko wengi. Mtu mwenye busara hasagi mlima mzima ili ajue kama una dhahabu. Kwanza huuliza mwamba gani hauwezi kuwa nayo, akauacha.

Namba hii ina sifa nyingine. Kipeo chake, 31, ni chenyewe mbili kwa kipeo cha 5, kutoa moja. Hivyo kutoka 5 huzaliwa 31, na kutoka 31 huzaliwa 2,147,483,647. Mtu angetumaini kwamba kila namba tasa ya umbo la Mersenne ikitumiwa kuwa kipeo itatoa nyingine iliyo tasa, na kwa 3, 7, 31 na 127 ndivyo ilivyo. Lakini inayofuata, 8,191, huvunja tumaini hilo. Kadhalika, ikigawanywa kwa nne namba yetu hubakisha tatu, na kwa sababu hiyo haiwezi kuwa jumla ya namba mbili za mraba. Tena, ikizidishwa kwa mbili kwa kipeo cha 30, yaani kwa kilichomo ndani ya shimo la 31, hutoa 2,305,843,008,139,952,128, ambayo ni namba kamilifu: vigawo vyake vyote, isipokuwa yenyewe, vikijumlishwa huirudisha namba ile ile, kama vile 1, 2 na 3 hufanya 6, na 1, 2, 4, 7 na 14 hufanya 28.

Jambo linalowahusu zaidi wasomaji wa Kiswahili ni namna ya kuitamka. Kwa maneno kamili ni bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, elfu mia nne themanini na tatu, mia sita arobaini na saba. Maneno haya yametoka pande nyingi. Mbili, nne na tatu ni ya Kibantu. Sita, saba, arobaini, themanini, mia na elfu ni ya Kiarabu. Milioni na bilioni yalitoka Ulaya. Tena bilioni halikuwa na maana moja siku zote: katika hesabu za serikali ya Uingereza, hadi mwaka 1974, lilikuwa milioni kwa milioni, si elfu kwa milioni.

Kuna tatizo kubwa zaidi ya asili ya maneno. Kiswahili huweka elfu mbele ya kiasi chake: elfu ishirini, elfu kumi. Kwa hiyo elfu kumi na saba ni ngapi? Wengi watajibu 17,000. Lakini maneno yale yale, bila kubadilisha herufi hata moja, yaweza kuwa 10,007. Wengine hukwepa kwa kusema kumi na saba elfu, na ufafanuzi huo ni mzuri, ingawa si wote waufuatao. Neno laki, tulilolipata kutoka Uhindi, laonekana kama dawa, lakini halitibu. Sokoni laki mbili na hamsini hueleweka kuwa 250,000, ilhali kwa maneno yenyewe ni 200,050. Katika mji kama Geita, ambako soko la dhahabu lilifunguliwa mwaka 2019 na ambako bei hutajwa kwa mdomo kabla ya kuandikwa, tofauti hii si mchezo wa wanachuoni. Mchimbaji mdogo aliyekubali bei kwa sikio aweza kuikuta nyingine katika risiti.

Hapa namba tasa yafundisha kitu kuhusu lugha. Utata uliotajwa hutokea pale tu maneno yanapokwisha mapema, yaani pale ambapo moja ya namba mbili zinazoshindana inaishia kwa sifuri. Elfu kumi na saba yaweza kuwa 17,000. Lakini elfu kumi na saba, mia tatu na tano haiwezi kuwa ila 17,305, kwa sababu mia tatu na tano zimekwisha kuzijaza nafasi za chini. Namba tasa iliyo zaidi ya 5 haiishii kwa sifuri kamwe. Kwa hiyo msikilizaji akiambiwa kwamba elfu kumi na saba ni namba tasa, atajua bila shaka kwamba ni 10,007, ambayo kwa hakika ni tasa, tena ndiyo ndogo kuliko zote zenye tarakimu tano. Na 2,147,483,647, pamoja na urefu wake wote, haina utata hata kidogo ikitamkwa kwa utaratibu, kwa kuwa kila ngazi, kutoka bilioni hadi mamoja, imejazwa. Namba zenye utata ni zile za fedha, zinazoishia kwa sifuri. Ilipotangazwa Julai 2017 kwamba kampuni ya Acacia inadaiwa kodi, adhabu na riba zifikazo dola bilioni 190, namba hiyo ilikuwa kubwa mara 88 na zaidi kuliko ya Euler. Lakini kwa mwanahisabati ni rahisi mno, maana imejengwa kwa mbili, tano na kumi na tisa tu.

Mtoto wa Kisukuma hufika shuleni na hesabu yake mwenyewe. Tatu kwake ni idatu, sita ni itandatu, saba ni mpungati, tisa ni kenda. Mwalimu akimwambia aache mpungati ajifunze saba, huenda wote wawili hawajui kwamba Kiswahili kilikuwa na neno lilo hilo: fungate, siku saba za maarusi, ndilo neno la kale la saba, na tandatu na kenda nayo yalikuwa ya pwani kabla ya sita na tisa kuyafukuza. Baada ya miaka saba ya kujifunza namba tasa, kigawo, kigawe na kipeuo, mtoto huyo huingia sekondari na kukuta maneno yote hayo yameachwa mlangoni, maana lugha ya kufundishia imekuwa Kiingereza. Kiswahili kimekuwa lugha ya shule za msingi tangu 1967, na mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Istilahi si haba. Kilichopungua ni daraja. Kijana aliyekwisha kufahamu kwa Kiswahili kwa nini 2,047 si tasa hulazimika kuanza upya kama asiyejua, na baadhi yao huamini tangu siku hiyo kwamba hawajui hisabati, ilhali wasichokijua ni neno.

Matumizi ya namba hii leo ni mengi kuliko Euler alivyoweza kuwaza. Kompyuta nyingi zilitengenezwa kuhifadhi namba katika nafasi 32, moja ya alama ya kujumlisha au kutoa na 31 za namba yenyewe. Ni bao lile lile, na kiasi kikubwa kinachoweza kukaa humo ni 2,147,483,647. Daftari la kompyuta la namna hiyo likiwekewa shilingi, halitaweza kuandika mauzo ya dhahabu yapitayo bilioni mbili na milioni 147 na zaidi kidogo. Shilingi moja ya ziada huligeuza deni. Mifumo ya kale inayohesabu sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970 kwa nafasi hizo itafika ukingoni tarehe 19 Januari 2038, na kwa saa ya Afrika Mashariki itakuwa saa kumi na mbili na dakika 14 na sekunde 7 za asubuhi. Mwaka 1988 Stephen Park na Keith Miller walipendekeza namba hiyo hiyo itumike kutoa namba za bahati nasibu: kila namba huzidishwa kwa 16,807, kisha hugawanywa kwa 2,147,483,647, na baki ndilo namba inayofuata. Kwa kuwa kigawanyi ni tasa, na kwa kuwa 16,807 ilichaguliwa vema, kila namba kutoka 1 hadi 2,147,483,646 hutokea mara moja kabla ya mzunguko kurudi mwanzo. Anayetaka kuchagua sampuli za mawe bila upendeleo aweza kuitumia njia hiyo, ijapokuwa kwa kazi za siri haifai, maana ajuaye namba moja hujua zote zifuatazo.

Namba tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana kufikia Oktoba 2024 ni ya umbo lile lile. Iligunduliwa na Luke Durant wa Marekani, naye alikuwa akishiriki katika kazi ya pamoja ya watu wengi wanaotafuta namba za Mersenne kwa kompyuta zao. Ina tarakimu 41,024,320. Ikipigwa chapa tarakimu elfu tatu katika kila ukurasa, kitabu chake kingekuwa na kurasa 13,675. Wala hapana lugha yenye majina ya kutosha ya kuitamka ngazi kwa ngazi kama ilivyotamkwa ile ya Euler. Bilioni na trilioni humalizika katika mstari wa kwanza. Kwa Kiswahili, kama kwa lugha nyingine zote, husemwa kwa maelezo yake tu: mbili kwa kipeo cha milioni mia moja thelathini na sita, elfu mia mbili sabini na tisa, mia nane arobaini na moja, kutoa moja.